Umepewa kazi ya kuandika mtaala wa uhandisi? Anza na pasti pepa, kisha hesabu saa

Barua ikikufikia kwamba umeteuliwa kuwa katibu wa kamati ya mapitio ya mtaala, jua umepewa kazi ambayo wenzako wameikwepa. Mwenyekiti atakuwa profesa mwenye vikao vingine chungu nzima. Atakayeandika ni wewe. Kishawishi utakachokutana nacho kwanza ni kufungua faili la mtaala uliopita, kubadilisha tarehe ya jalada, kuchomeka kozi moja yenye maneno "akili mnemba", na kuupeleka mbele. Mitaala mingi inaandikwa hivyo. Na inapita, kwa sababu kila kisanduku cha fomu kimejazwa.

Mimi ni mtu wa ujenzi. Nilikaa saiti kabla ya kuingia darasani, na ukatibu wa kamati ya namna hii nimeushika zaidi ya mara moja. Mifano yangu basi ni ya zege na udongo. Wewe wa umeme au mitambo, badala ya nondo weka transfoma; hesabu haibadiliki.

Kikao cha wadau, na namna ya kukifanya kizae kitu

Lazima ukutane na wadau. Taratibu zinadai na muhtasari wa kikao utaambatishwa. Kawaida wanaitwa wakurugenzi, wanapewa chai na sambusa, wanaulizwa "mnawaonaje wahitimu wetu?" Nao wanajibu kwa adabu: nadharia wako vizuri, vitendo bado. Sentensi hiyo imesemwa katika kila kikao tangu nikiwa mwanafunzi. Huwezi kuitungia kozi, wala huwezi kuibishia.

Uliza kitu kidogo zaidi. "Mhitimu wako ambaye hajamaliza mwaka kazini alikwama wapi wiki iliyopita, na nani alimkwamua?" Swali hilo usimpelekee mkurugenzi, maana yeye anajua tenda. Mpelekee mhandisi mkazi, mkuu wa maabara ya vifaa vya ujenzi, mkadiriaji majenzi, fomeni. Tena usiwaite chuoni. Wafuate walipo, uende na daftari, na usifunge safari siku wanayomwaga zege.

Fomeni mmoja tulimkuta kwenye jengo la ghorofa, mafundi wakifunga nondo za slabu. Baada ya shikamoo na marahaba akanishikisha jedwali la kukata nondo, karatasi imeloa jasho na imekunjwa mara nne.

"Injinia, vijana wako wazuri, wanakokotoa mpaka basi. Lakini huyu niliye naye, nikimuuliza nondo ya kumi na sita ipishane na mwenzake kiasi gani, anakimbilia laptop. Mafundi wamesimama, wanamtazama."

"Na wewe mzee unapishanisha kiasi gani?"

"Mchoro usiposema, mara arobaini na tano ya unene wake, halafu namtafuta injinia anithibitishie. Ukisema, nafuata mchoro."

Nondo ile ina unene wa milimita 16; arobaini na tano mara kumi na sita ni milimita 720. Mzee hakuhitaji laptop, lakini pia hakujifanya injinia. Alijua mahali ambapo kanuni ya mkononi inaishia. Kijana wetu alikuwa na nadharia yote ya mshiko kati ya chuma na zege, ila hakuwa amewahi kulishika jedwali kama lile. Ukirudi chuoni na kisa kama hiki, wenzako watakwambia papo hapo: "Basi tuanzishe kozi ya vitendo vya nondo." Wakatalie. Kwanza nenda kabatini kwenye mitihani.

Pasti pepa ndizo mtaala wenyewe

Chukua mitihani ya mwisho wa muhula ya miaka mitatu iliyopita, kozi kwa kozi. Pembeni ya kila swali andika kitenzi kimoja: linamtaka mwanafunzi afanye nini? Ataje, aeleze, akokotoe, achambue, asanifu, aamue? Wanaopenda nadharia za elimu wataitambua hapo ngazi ya viwango vya kufikiri ya Benjamin Bloom ya mwaka 1956, iliyorekebishwa mwaka 2001. Huhitaji zaidi ya ngazi hiyo na kalamu ya rangi.

Utakachokiona ni "kokotoa" kutoka juu mpaka chini. Kokotoa momenti, kokotoa eneo la chuma, kokotoa mshuko wa msingi. Namba zote zimeshatolewa, fomula inajulikana, jibu ni moja. Tulipolifanya zoezi hili kwa kozi yetu ya usanifu wa zege, hakukuwa na swali hata moja lililomtaka mwanafunzi asome mchoro au aandae jedwali la kukata nondo. Maelezo ya kozi yaliyopitishwa na seneti yalisema yote hayo yanafundishwa. Na yalifundishwa kweli, wiki ya kumi na tatu, wakati darasa zima liko chini ya mwembe linapiga pasti pepa.

Mwanafunzi anasoma kinachotahiniwa. Huo si uvivu, ni akili. Kama mtihani wa mwisho una asilimia 60 ya alama na miaka yote umekuwa wa kukokotoa, basi mtaala wako ni wa kukokotoa hata kama kitabu chake kimejaa maneno "ubunifu" na "utatuzi wa matatizo". Kwa hiyo nondo za fomeni hazikudai kozi mpya. Zilidai swali moja la mtihani lenye mchoro halisi wa boriti, alama ishirini, kila mwaka, bila kukosa. Swali hilo likishatokea mara mbili, wanafunzi wenyewe wataanza kuutafuta mchoro.

Andika umahiri unaoweza kupimwa

Sasa ndipo uandike mhitimu awe mtu gani. Usijitungie kila kitu kutoka kichwani. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, wa nchi kutambuliana shahada za uhandisi, ulioanza na nchi sita zinazozungumza Kiingereza na kuipokea Afrika Kusini mwaka 1999, una orodha ya sifa za mhitimu wa uhandisi. Toleo la mwaka 2021 lina sifa kumi na moja, kuanzia maarifa ya msingi na uchambuzi wa matatizo hadi maadili, kazi ya timu, mawasiliano na kujifunza maisha yote. ABET, shirika la Marekani linaloithinisha mitaala ya uhandisi, limefupisha zake zikawa saba. Soma zote mbili, kisha zifunge. Ukizinakili neno kwa neno utapata mtaala unaofaa kila nchi na usiomsaidia mhadhiri yeyote kupanga Jumatatu yake.

Kazi yako ni kuzishusha hadi kwenye kozi. "Mwanafunzi ataelewa tabia za zege" haipimiki. Nani atajua kama ameelewa? Jaribu hivi: akipewa mchanga, kokoto na saruji visivyo na maelezo, mwanafunzi apange mchanganyiko wa zege la daraja C25/30, apime slampu (ulaini wa zege bichi), atengeneze kyubu, yaani vipande vya mchemraba, za milimita 150, aziponde siku ya 7 na ya 28, kisha aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mkandarasi kusema zege linakubaliwa au linakataliwa na kwa nini. Hapo kuna kukokotoa, maabara, maamuzi na mawasiliano kwa mpigo, na mhadhiri anajua asahihishe nini.

Nimelitaja daraja hilo la nguvu ya zege kwa makusudi. Katika C25/30 namba ya kwanza ni nguvu ya silinda, ya pili ni ya kyubu. Kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho wengi wetu tulikulia nacho, kiliandika namba moja tu, ya kyubu. Waingereza walikiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode, kiwango cha Ulaya, lakini kwetu michoro ya namna zote mbili bado inatembea saiti. Mhitimu akiuona C25/30 na kuusoma kwa jicho la zamani kama "C25", ameagiza zege lililopungua nyutoni 5 kwa kila milimita ya mraba, na hakuna atakayejua mpaka kyubu zipondwe. Kamati ikianza kugombana kuhusu kiwango kipi kifundishwe (na itagombana, wazee upande huu, vijana waliotoka masomoni Ulaya upande ule), ushauri wangu ni kimoja kifundishwe kikamilifu mpaka mwanafunzi asanifu jengo zima nacho, na cha pili kiwe zoezi moja la kulinganisha boriti ile ile. Ukifundisha viwili nusu nusu, utapata mhitimu anayechanganya vipengele vya usalama vya kimoja na fomula za kingine. Huyo ni hatari kuliko asiyejua chochote, maana anajiamini.

Hesabu saa kabla hujahesabu kozi

Hapa ndipo mitaala inapoharibikia. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada una krediti 120. Hiyo ni saa 1,200. Gawanya kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki. Shahada ya miaka minne ni krediti 480, na hakuna duka la kununulia nyingine.

Chukua kozi ya krediti 12. Ni saa 120, yaani saa 8 kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Ukiweka mihadhara mitatu, tutorio moja na saa moja ya maabara, zimebaki tatu za mwanafunzi kusoma, kufanya mazoezi, kuandika ripoti ya maabara na kujiandaa na jaribio. Kozi kama hizo tano zinajaza wiki yote. Sasa kila mhadhiri, akiwa peke yake ofisini, anaona zoezi la saa sita si kitu. Watano wakiamua hivyo wiki moja, mwanafunzi anahitaji saa 30 za mazoezi mahali palipo na saa 15. Atafanya nini? Atanakili. Tunaita udanganyifu, tunaunda kamati ya nidhamu, wakati ukweli ni kwamba tumemkabidhi wiki isiyowezekana.

Kwa hiyo tengeneza jedwali moja kubwa: kozi kwenye mistari, aina za saa kwenye safu, na jumla chini. Mtu akija na kozi mpya, mwoneshe jedwali umwulize itoke ipi. Usimwambie hapana. Mwache aitaje mwenyewe kozi ya kuondoka, na ikiwezekana iwe yake.

Kipimo changu cha kukata ni kimoja. Sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na bodi hiyo inaendesha mafunzo ya SEAP ambamo mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya usimamizi wa wahandisi waliosajiliwa kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Hiyo ni karibu shahada nyingine. Basi kitu ambacho saiti itamfundisha kijana kwa wiki mbili, kama kujaza fomu za madai ya malipo ya mkandarasi, kisipewe muhula mzima chuoni. Na kitu ambacho saiti haitamfundisha kamwe, chuo kisithubutu kukipunguza. Hakuna fomeni atakayekaa na kijana kumfundisha milinganyo tofautishi, wala kwa nini udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi. Ujuzi huo asipoupata hapo kwetu, haupati tena.

Ndiyo maana siungi mkono kelele za "vitendo, vitendo" zisizo na hesabu. Historia inazunguka. Wamarekani mwaka 1955, kwa ripoti ya kamati iliyoongozwa na Linton Grinter, waliusukuma uhandisi wao kuelekea sayansi, na miaka iliyofuata karakana na michoro vikapungua. Baadaye wakalalamika kwamba wahitimu hawajui kubuni kitu, wakarudisha usanifu kwenye mitaala. Sisi tulianza tofauti. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, hadi kitivo cha uhandisi cha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, haya ambayo wanafunzi wanayaita PT, bado ni kitu kizuri kuliko maabara nyingi tulizonazo. Yalinde.

Ila yahesabu kwa haki. Wiki 8 za saa 40 ni saa 320, sawa na krediti 32 kwa hesabu kavu, na sijaona idara iliyothubutu kuzitoa. Ukiyapa chache, angalau yape kazi inayosomeka: badala ya kitabu cha kumbukumbu kilichojaa "leo tuliendelea na kazi ya jana", mdai mwanafunzi mchoro mmoja kwa wiki, wa mkono, wa kitu alichokiona kikijengwa, wenye vipimo. Msimamizi akiupitia dakika tano anajua kijana alikuwa saiti au alikuwa nyumbani kwa mjomba. Kwa sababu hiyo hiyo naitetea michoro ya mkono mwaka wa kwanza, wiki sita hivi kabla ya programu ya kompyuta. Kompyuta huchora mstari mnyoofu hata kama kichwa kimepinda.

Minyororo ya kozi

Chora kozi zote kwenye karatasi kubwa na mshale kutoka kila kozi kwenda ile inayoitegemea. Statiki inakwenda nguvu za maada, hiyo inakwenda uchambuzi wa miundo, hiyo inakwenda usanifu wa zege, kisha projekti. Mnyororo huo pekee unaweza kula mihula saba. Mwanafunzi akifeli statiki, akashindwa na sapu (mtihani wa marudio), na kozi inatolewa mara moja kwa mwaka, amerudi nyuma mwaka mzima hata kama masomo mengine yote anaongoza. Kila mshale uulize: bila kozi ile ya nyuma hawezi kabisa, au ni desturi tu? Mishale mingi ni desturi. Tulipoikagua yetu tuliifuta kadhaa, na mkuu wa idara akabaki anashangaa iliwekwa na nani.

Angalia pia wanaoingia. Darasa moja lina vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kutoka kidato cha sita na wenzao wa diploma kutoka vyuo vya ufundi. Hawa wa pili wanajua theodolaiti inasimamishwaje na wameshachanganya zege kwa mikono yao, ila kalkulasi inawatoa jasho. Wale wa kwanza ni kinyume. Ukiandika mwaka wa kwanza kana kwamba wote ni wamoja, nusu ya darasa inasinzia wakati wote, kwa zamu. Kwenye karakana na maabara wachanganye katika makundi. Kwenye hisabati weka saa za ziada za tutorio, na ziandikwe kwenye ratiba, zisiachwe kwenye huruma ya mhadhiri.

Pima mtaala kwa mashine mliyonayo

Hiki ndicho kipimo ambacho wakaguzi hawakifanyi na ambacho kitakuaibisha baadaye. Chukua jaribio moja la maabara ya udongo: kupima jinsi mfinyanzi unavyoshuka ukibebeshwa mzigo, kwa kifaa kinachoitwa odomita. Sampuli ndogo ya duara inawekwa kwenye pete, unaongeza mzigo kwa hatua, na kila hatua kwa kawaida unaiacha saa 24 ili maji yatoke. Hatua sita ni siku sita.

Una wanafunzi 120. Makundi ya watano watano ni makundi 24. Kifaa ni kimoja. Siku 144, zaidi ya wiki 20, bila kupumzika Jumapili, katika muhula wa wiki 15. Mtaala unasema kila mwanafunzi atafanya jaribio hili. Hawezi, na hajawahi kuweza. Kinachotokea miaka yote ni kundi moja kulifanya na ripoti 24 kufanana.

Ukiwa na vifaa vitatu, siku 48, karibu wiki saba: inawezekana, mradi mtaalamu wa maabara alipwe ziada za wikendi, na malipo hayo yawe kwenye bajeti unayoambatisha. Ukibaki na kimoja, badilisha mtaala. Jaribio liwe la maonesho, kila kundi lisome dial kwa siku yake moja na kuandika saini, data ziunganishwe, na kila mwanafunzi achambue seti tofauti ya namba za udongo wa miaka iliyopita. Kisha saa za mikono zipeleke kwenye jaribio la kisanduku cha kukata udongo, ambalo kwa mchanga kundi linalimaliza kwa mchana mmoja. Fanya hesabu hii kwa kila jaribio, pamoja na mtaalamu wa maabara. Yeye anajua ipi ni nzima na ipi imefunikwa turubai ikisubiri spea.

Karatasi na safari yake

Mtaala utatoka idarani, utapita bodi ya kitivo au ndaki, kamati za seneti, seneti yenyewe, kisha TCU, ambao watautuma kwa wataalamu wa nje wausome. ERB nao wahusishe mapema, siyo mwisho, kwa sababu shahada wasiyoitambua inamwacha mhitimu mlangoni. Maoni makubwa ya kitaaluma hayatakuwa mengi. Utarudishiwa kwa vitu vidogo: kozi ina krediti 10 ukurasa wa 14 na 12 ukurasa wa 61, msimbo wa kozi umejirudia, jumla ya muhula wa tano ni 58 badala ya 60, kitabu cha rejea ni cha mwaka 1984 na maktaba haina.

Kinga yake ni faili moja na mkono mmoja. Jedwali lile kubwa ndilo chanzo cha namba zote. Hakuna anayeandika krediti kwenye maelezo ya kozi kwa kichwa. Wahadhiri wakuletee maneno, namba unaziweka wewe. Kila toleo lipe tarehe kwenye jina, na likishapita kikao usiruhusu mtu "arekebishe kidogo" kwenye laptop yake. Jedwali la pili ni la kuoanisha kozi na sifa za mhitimu. Weka herufi tatu tu: T kozi inapotambulisha sifa, E inapoendeleza, P inapopima. Safu ikijaa T na E bila P hata moja, sifa hiyo mmeiahidi bila kuipima. Kwa kawaida ni maadili na kazi ya timu. Usiweke P ya kubandika. Tafuta kozi ambayo kweli ina alama za jambo hilo. Sisi maadili tuliyapeleka kwenye kozi ya mikataba, katika swali la mhandisi aliyeletewa kyubu nzuri kupita kiasi kutoka kwa zege baya.

Mtaala ukipitishwa, anza mara moja jedwali la tatu ambalo hakuna aliyekuagiza: la ulinganifu. Kwa miaka mitatu minne mtaendesha mitaala miwili sambamba, na atakuja kijana aliyekerii, yaani anayerudia baada ya kufeli, kozi ambayo haipo tena. Andika sasa, wakati kamati bado inakumbuka, kozi ipi mpya inachukua nafasi ya ipi ya zamani, na ile iliyogawanywa mara mbili atasoma nusu ipi. Lipitishwe rasmi kwenye bodi. La sivyo kila kesi itaamuliwa kivyake kwenye korido, na wenye shangazi ofisini ndio watakaomaliza kwa wakati.

Na tangu muhula wa kwanza wa mtaala mpya, fungua kabrasha la mitihani: karatasi ya maswali, mgawanyo wa alama kwa kila swali, na script (karatasi za majibu) tatu kwa kila kozi, ya juu, ya kati na ya chini, majina yamefutwa. Mapitio mengine yakifika, katibu atakayeteuliwa hataanza kuombaomba maswali kwa watu waliokwisha kustaafu. Atafungua kabrasha, atachukua kalamu ya rangi, ataanza kuhesabu vitenzi.